Swichi Moja kwa Akaunti Zote: Uchambuzi wa Udukuzi wa Twitter, Julai 2020

Jumatano ya Julai 15, 2020, saa 12:18 jioni kwa saa za New York, kampuni ya Twitter ilitangaza kwamba huenda watumiaji wake wasiweze kuchapisha ujumbe wala kubadilisha nywila wakati ikiendelea kushughulikia tukio la kiusalama. Walioguswa hasa ni wenye akaunti zilizothibitishwa, zile zenye tiki ya bluu, ambazo kwa wakati ule zilikuwa mamia ya maelfu duniani kote: wakuu wa nchi, wizara, vyombo vya habari, makampuni, wasanii na ofisi za umma. Wadukuzi walikuwa wameteka akaunti za watu mashuhuri na kuchapisha humo utapeli wa kuomba bitkoini, aina ya sarafu ya kidijitali. Akaunti walizozilenga, kwa hesabu iliyotolewa baadaye na kampuni yenyewe, zilikuwa 130.

Pengo hilo kati ya akaunti 130 na mamia ya maelfu ndilo linalonifanya nikione kisa hiki kuwa na mafunzo mengi kuliko wizi mwingine wa akaunti uliosababisha hasara kubwa zaidi ya fedha. Hatua ya dharura huwa pana kadiri mwenye jukwaa asivyojua adui yuko wapi, na pia kadiri mitambo yake isivyompa nafasi ya kuchagua. Twitter ilizima pote kwa sababu haikuweza kuzima mahali pamoja, na udhaifu huo ulikuwa umejengeka kwa miaka kabla ya mdukuzi yeyote kunyanyua simu.

Simu za siku iliyotangulia

Undani wa shambulio hili unafahamika kuliko kawaida kwa sababu Idara ya Huduma za Fedha ya Jimbo la New York ililichunguza na kutoa ripoti yake hadharani Oktoba 2020. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, wadukuzi waliwapigia simu wafanyakazi kadhaa wa Twitter wakijifanya ni watu wa kitengo cha msaada wa kompyuta cha kampuni, wakadai wanafuatilia tatizo ambalo mfanyakazi ameripoti kuhusu VPN, yaani njia salama ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni ukiwa nje ya ofisi. Uongo huo ulichaguliwa kwa akili. Tangu Machi mwaka ule wafanyakazi walikuwa nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19, VPN ilikuwa ikisumbua mara kwa mara, na kupigiwa simu na mtu wa kompyuta usiyemfahamu sura halikuwa jambo la kumshtua yeyote.

Aliyekubali kusaidiwa alielekezwa kwenye ukurasa uliofanana na ule halisi wa kuingilia, wenye anwani iliyokaribiana sana na ya kweli. Alipoandika jina lake na nywila, wadukuzi nao waliyaandika hayohayo kwa wakati uleule kwenye ukurasa halisi. Ukurasa halisi ukatuma ombi la kuthibitisha, na baadhi ya waliopigiwa wakathibitisha, maana kwa fahamu zao wao ndio waliokuwa wakiingia.

Jambo hili lastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hudhani uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudai uthibitisho wa pili baada ya nywila, ulivunjwa siku hiyo, ilhali ulifanya kazi kama ulivyoundwa. Mfumo uliuliza kama anayeingia ni mfanyakazi fulani, na mfanyakazi huyo akajibu kwa unyoofu kwamba ni yeye. Ambacho mfumo haukuuliza, na mfanyakazi hakuwa na namna ya kukijua, ni kama ukurasa aliokuwa akiandikia na ukurasa uliokuwa ukimwuliza ulikuwa mmoja. Tarakimu zinazotumwa kwa simu, au kitufe cha kukubali kinachotokea kwenye kioo, havibebi habari hiyo. Vyote vinaweza kupokewa mahali pamoja na kutumiwa mahali pengine ndani ya sekunde chache.

Kuna sentensi moja katika ripoti ya New York ambayo naiona nzito kuliko takwimu zake zote: baadhi ya wafanyakazi waliopigiwa walishtuka, wakatoa taarifa kwa kikosi cha ndani cha kufuatilia ulaghai, lakini angalau mmoja aliamini. Maana yake ni kwamba dharura ilikwisha kubisha hodi kabla ya chapisho lolote la kitapeli kuonekana. Mtu anapojifanya mfanyakazi wa kitengo chako cha kompyuta na kuwapigia watu wako mmoja baada ya mwingine, huhitaji kusubiri aliyeangukia mtegoni ajitokeze. Huyo hatajitokeza, kwa kuwa anaamini amehudumiwa vizuri. Hatua ya dharura yenye gharama ndogo ilikuwa hapo: kutangaza kwa wafanyakazi wote kuwa simu hizo ni za uongo, kuwatoa wote kwenye mtandao wa kampuni na kuwataka waingie upya kwa nywila mpya, na kuzuia kwa muda zana nyeti zisifunguliwe kupitia VPN bila idhini ya msimamizi. Ingewaudhi wafanyakazi kwa saa chache. Mteja wa nje asingejua kama kuna lililotokea.

Walionaswa kwanza hawakuwa na ruhusa ya kutumia zana za kusimamia akaunti za wateja. Twitter ilieleza kwamba wadukuzi walitumia majina na nywila za wafanyakazi hao kuingia kwenye mifumo ya ndani na kujifunza taratibu za kazi, kisha wakawalenga wengine waliokuwa na ruhusa. Jambo hilo husahaulika mara nyingi wakati wa kuweka ngazi za ruhusa, kwamba mfanyakazi asiye na mamlaka yoyote juu ya akaunti za wateja bado anaweza kusoma maelekezo yanayoonyesha ni nani mwenye mamlaka hayo na yanatumikaje.

Saa chache za Jumatano

Mwanzoni wadukuzi hawakugusa watu mashuhuri. Walichukua akaunti zenye majina mafupi, ya herufi au tarakimu moja, ambazo zina soko lake miongoni mwa vijana wanaokusanya majina ya namna hiyo kwa ajili ya sifa. Mmoja wa waliokuwa wakisimamia akaunti hizo alieleza kwamba barua pepe iliyosajiliwa ilibadilishwa na uthibitishaji wa hatua mbili ukaondolewa kutoka upande wa kampuni, bila yeye kuguswa popote. Nywila yake haikukisiwa wala simu yake haikuibwa, na kosa lolote la tahadhari halikuwepo kwake.

Baada ya saa 9 alasiri wakahamia kwenye akaunti za makampuni ya sarafu za kidijitali, zikiwemo za Binance, Coinbase na Gemini. Saa 10 na dakika chache ikafika zamu ya Elon Musk, kisha Bill Gates, na baadaye Jeff Bezos, Warren Buffett, Barack Obama, Joe Biden, Kanye West, Apple na Uber. Ujumbe ulikuwa uleule kwa maneno yaliyobadilishwa kidogo: tuma bitkoini kwenye anwani hii nami nitakurudishia mara mbili, nafasi ni ya dakika 30 tu. Saa 11:45 jioni Twitter ikasema kwa mara ya kwanza kwamba inalijua tukio hilo na inalishughulikia. Baada ya dakika 33 ikatangaza kizuizi, ambacho kiliondolewa kwa sehemu kubwa mnamo saa 2:41 usiku.

Kati ya akaunti 130, wadukuzi walichapisha ujumbe kupitia 45, walifungua sanduku la ujumbe binafsi la 36, na walipakua kumbukumbu kamili za 7. Fedha zilizotumwa na waliodanganyika zilizidi dola 118,000. Kwa waliokuwa na uwezo wa kuzungumza kwa kinywa cha rais mstaafu, mgombea urais na matajiri wa dunia kwa wakati mmoja, hayo ni mavuno madogo mno. Wengi walisema baadaye kwamba bahati ya Twitter ilikuwa kupata wezi wenye njaa ya fedha ndogo, na sioni sababu ya kuwapinga. Hata hivyo, idadi inayonisumbua ni ile ya masanduku 36. Chapisho la uongo hufutwa, na aliyetuma fedha huhesabu hasara yake, lakini ujumbe binafsi uliosomwa haurudi kuwa siri. Mmoja wa wenye masanduku hayo alikuwa mwanasiasa wa kuchaguliwa nchini Uholanzi.

Kwa nini kufuta machapisho hakukutosha

Hatua ya kwanza iliyojitokeza ilikuwa ya kawaida: kufuta chapisho la kitapeli na kuifunga akaunti iliyohusika. Kwa wizi wa akaunti moja hiyo inatosha. Hapa haikutosha, kwa sababu aliyekuwa akiingia hakuwa na nywila ya Musk au ya Gates. Alikuwa na zana ya mfanyakazi. Machapisho yalifutwa na mengine yakatokea. Huku watu wa usalama wakihangaika na akaunti moja, mdukuzi alikuwa akibadilisha barua pepe ya nyingine, akiomba nywila mpya, na kupokea kiungo cha kuiweka kwenye barua pepe yake mwenyewe.

Ndiyo maana sehemu ya kizuizi iliyowakera wengi, ile ya kukataza kubadilisha nywila, naiona ilikuwa na akili kuliko ile ya kukataza kuchapisha. Katika mazingira ya kawaida, mtu akihisi akaunti yake imeingiliwa, ushauri wa kwanza ni abadilishe nywila. Katika shambulio linaloanzia ndani, njia hiyohiyo ya kumsaidia mteja ndiyo njia ya mwizi, na kila ombi la nywila mpya linapaswa kuhesabiwa kuwa la kutiliwa shaka mpaka ithibitike vinginevyo. Twitter ilikwenda mbali zaidi: ilifunga akaunti zilizojaribu kubadilisha nywila katika siku 30 zilizotangulia. Humo bila shaka walinaswa watu waangalifu ambao kosa lao pekee lilikuwa kufuata ushauri wa usalama mwezi ule, na kampuni ilisema wazi kwamba kufungwa huko peke yake hakumaanishi akaunti imeingiliwa. Ilikuwa dhuluma ndogo inayoeleweka, maana wakati wa kufunga hapakuwa na orodha ya kuaminika ya nani ameguswa na nani hajaguswa.

Kukataza kuchapisha kwa wote wenye tiki ya bluu ni suala jingine. Jioni hiyohiyo, ofisi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani iliyoko Lincoln, jimboni Illinois, ilikuwa na tahadhari ya kimbunga cha tornado ya kuwapelekea wananchi, na akaunti yake, kwa kuwa ilikuwa imethibitishwa, haikuweza kuchapisha. Uwezo wa kusambaza upya machapisho ya wengine ulibaki, lakini wa kuandika jipya ulikuwa umezimwa. Ofisi kama hiyo ina njia nyingine za kutoa tahadhari, na si sahihi kudai kwamba watu waliachwa gizani. Hata hivyo, kampuni iliyokuwa imewashawishi watu wa uokoaji na wa hali ya hewa kuitumia kama njia ya haraka ya kuwafikia wananchi haikuwa na namna ya kuwaacha hao nje ya kizuizi. Alama ya bluu ilikuwa imekusudiwa kuonyesha kwamba mtu ni yule anayesema kuwa ni yeye. Siku hiyo ikageuzwa kuwa kigezo cha kuamua nani anyamazishwe, kwa sababu tu ndicho kigezo kilichokuwa tayari kwenye mfumo. Ilikuwa sawa na kukata umeme wa mtaa mzima kwa ajili ya waya mmoja, huku hospitali ikiwa kwenye laini hiyohiyo.

Nikiulizwa kama Twitter ilikosea kufunga, jibu langu ni hapana. Saa 12:18 jioni hapakuwa na lingine la kufanya, na dakika kumi zaidi za kusitasita zingeweza kumpa mtu mwenye nia mbaya zaidi nafasi ya kutangaza vita au kuangusha soko la hisa kwa jina la mtu mwingine. Kosa lilikuwa kufika saa 12:18 na swichi moja tu mkononi.

Pamoja na kizuizi cha nje, kulikuwa na cha ndani ambacho hakikuonekana sana na ambacho kwa maoni yangu ndicho kilichomaliza shambulio: ruhusa za wafanyakazi kwenye zana za kusimamia akaunti zilipunguzwa kwa kiasi kikubwa. Wiki mbili baadaye kampuni ilikuwa bado inawaonya wateja kwamba maombi ya msaada wa akaunti na taarifa za machapisho yanayovunja kanuni yatashughulikiwa polepole kuliko kawaida kwa sababu hiyo. Onyo hilo lina uaminifu wa kupongezwa, na linaonyesha bei halisi ya hatua za dharura za ndani. Zana ileile iliyomwezesha mwizi kubadilisha barua pepe ya mtu ndiyo inayomwezesha mhudumu kumrudishia akaunti mama aliyepoteza simu. Ukiibana kwa ghafla, wanaoumia kwanza ni wateja wenye shida za kweli.

Upande wa pili wa kisa: anwani moja

Kinachofanya kisa hiki kiwe na kipimo cha kulinganishia ni kwamba siku hiyohiyo, kwa shambulio hilohilo, kulikuwa na majukwaa mengine yaliyolazimika kulinda wateja wao kwa dharura, nayo yakafanya tofauti kabisa. Makampuni ya kubadilishia sarafu za kidijitali yaliona anwani ya bitkoini, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu wa kupokelea fedha, ikitajwa kwenye machapisho, yakaiweka anwani hiyo kwenye orodha ya zilizozuiwa. Mteja aliyejaribu kutuma fedha huko alikataliwa. Mteja aliyekuwa akituma fedha kwa mtu mwingine hakujua kama kuna kizuizi.

Kwa mujibu wa ripoti ya New York, Coinbase, Square, Gemini na Bitstamp zilizuia kwa njia hiyo malipo yenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha ambazo zingepotea iliokolewa na watu ambao hawakuwa na uwezo wowote juu ya Twitter, kwa kutumia swichi ndogo iliyokuwa imeandaliwa kabla. Hawakuwa na ujuzi wa ajabu. Ni makampuni yaliyo chini ya usimamizi wa mamlaka za fedha, yanayotakiwa na sheria kuwa na orodha za kuzuia na watu wa kuzisimamia, na yaliyozoea kwamba utapeli ni jambo la kila siku. Twitter haikuwa na msimamizi wa aina hiyo. Idara ya New York haikuficha kwamba hilo ndilo ililotaka kubadilisha, ikapendekeza mitandao mikubwa ya kijamii iwekewe usimamizi maalumu wa usalama wa mitandao.

Mtu anaweza kusema kwamba ulinganisho huu si wa haki, kwa kuwa anwani moja ya bitkoini ni rahisi kuizuia kuliko kumtambua mdukuzi mwenye jina na nywila halali za mfanyakazi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini anwani hiyohiyo ilikuwa ikionekana ndani ya machapisho yenyewe. Kuzuia kwa muda chapisho lolote lenye mfuatano huo wa herufi, kutoka akaunti yoyote, kungepunguza kasi ya utapeli bila kuinyamazisha ofisi ya hali ya hewa. Wadukuzi wangebadilisha anwani, bila shaka, na mchezo wa paka na panya ungeanza. Hata hivyo, kila mzunguko ungeipa kampuni dakika za kufunga zana za ndani, na dakika ndizo zilizokuwa zikitafutwa.

Ugonjwa wa zamani

Anayetaka kuielewa hali ya Julai 2020 lazima arudi Januari 2009. Mwezi huo mtu alitumia programu ya kukisia nywila na kupata ile ya mfanyakazi wa Twitter, ambayo ilikuwa neno la kawaida la kamusi kwa herufi ndogo tupu. Kwa ruhusa za mfanyakazi huyo akaweka nywila mpya kwa akaunti za watu kadhaa, na kupitia akaunti ya Barack Obama, ambaye alikuwa hajaapishwa bado, wafuasi zaidi ya 150,000 wakaahidiwa nafasi ya kushinda mafuta ya gari ya dola 500. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipochunguza ilikuta kwamba karibu wafanyakazi wote wa kampuni walikuwa na uwezo wa usimamizi juu ya mfumo. Mapatano yaliyokamilishwa mwaka 2011 yaliitaka Twitter iwe na mpango kamili wa usalama na isiwadanganye wateja kuhusu ulinzi wa taarifa zao kwa miaka 20.

Kufikia mwaka 2020, zaidi ya watu 1,000, wafanyakazi na wakandarasi, walikuwa na ruhusa ya kutumia zana za ndani za kusimamia akaunti, na kampuni ilikuwa haina mkuu wa usalama wa taarifa tangu Desemba 2019. Nafasi hiyo ilijazwa Septemba 2020, baada ya maji kumwagika. Sidai kwamba mkuu mmoja angezuia simu za Julai 14. Ninachoona ni kwamba zile taarifa za wafanyakazi walioshtuka zilihitaji mtu mwenye mamlaka ya kusema, siku hiyohiyo, kwamba kazi isimame. Mlinzi wa zamu hana ubavu wa kuwatoa wafanyakazi wote kwenye mtandao wa kampuni kwa sababu ya simu chache za ajabu.

Na haiwezi kusemwa kwamba wazo la kuipa akaunti moja ulinzi wa ziada lilikuwa geni. Novemba 2017 akaunti ya Donald Trump ilizimwa kwa dakika 11 na mtu wa huduma kwa wateja aliyekuwa katika siku yake ya mwisho kazini, na kampuni ikasema imeweka kinga ili lisitokee tena. Mwaka 2020 akaunti hiyo haikuwa miongoni mwa zilizotumiwa na matapeli. Somo lilikuwa limepatikana, likatumika kama kiraka. Kilichokosekana ni hatua ya kawaida iliyozoeleka kwenye benki, kwamba badiliko kubwa kwenye akaunti nyeti, kama kuondoa uthibitishaji wa hatua mbili na kubadilisha barua pepe kwa mpigo mmoja, lihitaji mfanyakazi wa pili kuidhinisha na lisubiri saa kadhaa huku mwenye akaunti akiarifiwa kwenye barua pepe ya zamani. Kwa kanuni hiyo peke yake, zana iliyoibwa ingebaki na faida ndogo sana.

Kilichobadilika na kilichobaki

Kesi za wadukuzi zilianza haraka. Kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida, alikamatwa Julai 31, akakiri makosa mwaka uliofuata na kupewa kifungo cha miaka mitatu kwa utaratibu wa vijana. Mwingereza aliyekamatwa nchini Hispania mwaka 2021 alihukumiwa miaka mitano huko New York mwaka 2023, kwa makosa hayo na mengine.

Ndani ya kampuni, badiliko la maana zaidi lilikuwa kuwataka wafanyakazi wote watumie funguo za usalama, vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta au kugusisha kwenye simu. Kifaa hicho kinajibu swali ambalo mfumo wa Julai haukuliuliza. Kinaposajiliwa hufungamanishwa na anwani halisi ya tovuti, na kinapoombwa uthibitisho hutazama kwanza ni anwani gani inayoomba. Mfanyakazi anaweza kudanganywa kikamilifu, akaamini kwa moyo wote kwamba yuko kwenye ukurasa wa kampuni, akaligusa lile pambo la chuma kwa hiari yake. Kwa kuwa anwani ni nyingine, hakuna kitakachotoka ambacho mdukuzi anaweza kukipeleka kwenye ukurasa wa kweli. Imani ya mtu inaondolewa kwenye hesabu. Kwa shambulio la aina hii, sijui kinga nyingine inayokaribia nguvu hiyo.

Kizingiti kinachofuata ni mfanyakazi anayesema amepoteza ufunguo wake. Anapiga simu kitengo cha msaada, ana haraka, na mkuu wake anamsubiri kwenye kikao. Njia ya kumrudishia ruhusa isipokuwa ngumu kama ufunguo wenyewe, mdukuzi atapiga simu upande wa pili: badala ya kujifanya mtu wa kompyuta kwa mfanyakazi, atajifanya mfanyakazi kwa mtu wa kompyuta. Jukwaa linalogawa funguo za usalama bila kuandika kwanza namna ya kushughulikia zilizopotea limehamisha mlango tu.

Kwa wateja hali ilikuwa tofauti kabisa. Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2020, Twitter iliwataka wanasiasa na vyombo fulani vya habari wawe na nywila imara, na ikawahimiza wawashe uthibitishaji wa hatua mbili. Watumiaji wa kawaida waliachiwa hiari. Takwimu za kampuni yenyewe kwa nusu ya pili ya mwaka 2020 zilionyesha kwamba asilimia 2.3 tu ya akaunti hai zilikuwa zimewasha uthibitishaji huo, na kati ya hizo karibu nne katika tano zilitumia ujumbe mfupi wa simu, njia iliyo dhaifu kuliko nyingine zote zilizokuwepo. Hesabu hii inakuja miezi baada ya udukuzi uliotangazwa duniani kote.

Wapo wanaowalaumu wateja kwa uvivu. Mimi nawaelewa. Mei 2022 Twitter ilikubali kulipa dola milioni 150 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwamba, kati ya 2013 na 2019, namba za simu na barua pepe ambazo wateja waliombwa kwa ajili ya usalama zilitumika pia kuwalengea matangazo ya biashara. Mteja aliyekataa kutoa namba yake kwa kushuku kuwa itatumika kwa lingine alishuku sawasawa, na kila jukwaa litakalomwomba namba siku ya dharura, hata liwe na nia njema kiasi gani, litakutana na shaka hiyo. Kisha Machi 2023, ikiwa chini ya mmiliki mpya, kampuni ikaondoa uthibitishaji kwa ujumbe mfupi kwa wasiolipia huduma. Waliokuwa wakiutumia walipewa mpaka tarehe 20 kuhamia kwenye programu ya kuthibitishia au ufunguo wa usalama, na ambaye hakuhama kinga yake ilizimwa.